Spitfire inakata kushoto ikipaa, inaangusha bawa ikitua: usinunue kitu bado

Mkuu, pole na hizo propela zilizovunjika. Umesema Spitfire yako ya povu, hii ndege ndogo ya rimoti, kila ikianza kukimbia inakata kushoto na kulala ubavu, na ile mara moja iliyopaa iliangusha bawa wakati wa kutua. Unauliza ubadilishe mota au magurudumu. Mimi nilibadilisha vyote viwili na nikaendelea kuvunja.

Ndege hii ni kisirani tangu ile ya kweli, ndege ya kivita ya Waingereza, iliyoruka mara ya kwanza Machi 1936. Miguu yake ya magurudumu imekaribiana, kwa hiyo chini inayumba kama mlevi. Propela inazunguka kulia ukiitazama kwa nyuma, na nguvu zake zote zinasukuma pua kushoto. Ukipiga moto wote kwa mkupuo, usukani wa mkia haujapata upepo wa kutosha kukusaidia, na hapo ndipo inapokushinda.

Kwangu dawa ilikuwa kidole gumba cha kushoto. Kama rimoti yako ina nguvu na usukani kwenye kijiti kimoja cha kushoto, kama yangu, gumba linapanda huku limeegemea kulia. Ielekeze ndege kwenye upepo, vuta eleveta (kibao cha mkiani cha kupandisha na kushusha pua) ili mkia ukae chini, kisha hesabu moja hadi nne huku ukiongeza nguvu. Ikishika mwendo, legeza eleveta polepole. Mkia ukinyanyuka ghafla, pua inaruka kushoto tena, na wengi wanadhani ni upepo. Nilijua hilo baada ya kuvunja propela ya tatu. Halafu iache ikimbie. Usiivute ipae, nayo ikiwa tayari inaachia nyasi yenyewe, wewe unaisaidia kidogo tu. Ukiipandisha mapema inaninginia kwenye propela, bawa la kushoto linakosa hewa, inabiringika mgongo chini.

Ikiwa inachomeka pua kwenye nyasi, tazama miguu. Yangu niliikunja mbele kidogo mpaka ekseli, kile chuma magurudumu yanapozungukia, ikalingana na ukingo wa mbele wa bawa, tatizo likaisha. Kitovu cha uzito, pale ndege inapokaa sawa bila kuinama, pia kipime kwa vidole kabla ya kila safari, betri ikiwa ndani. Ikiwa nzito nyuma, haya mengine yote ni kazi bure.

Kutua ndiko kulikonitoa jasho. Nilikuwa nazima mota nikishafika juu ya uwanja, kama nilivyozoea na ndege ya kujifunzia. Ile inaelea, hii inaanguka. Siku moja ilikuwa kimo cha kiuno, nikaona bawa la kulia linashuka, nikakimbilia kulinyanyua kwa aileroni, vile vibao vya nyuma ya bawa vya kuilaza ndege kushoto au kulia. Likashuka zaidi! Aileroni ya upande unaoshuka inalifanya bawa lishike hewa kwa pembe kali zaidi, na mwendo ukiwa mdogo ndiyo unalimaliza. Ilinigharimu bawa zima. Siku hizi nasukuma pua chini, naongeza nguvu kidogo, na kusahihisha kwa usukani wa mkia.

Kabla hujajaribu kutua tena, panda juu sana, punguza nguvu, vuta eleveta taratibu mpaka bawa lianguke. Fanya hivyo mara tatu, na flapu (vibao vya bawa vya kutulia polepole) zikiwa chini pia kama unazo. Utaona inavyotikisika kabla ya kuachia. Macho yako yakishaizoea dalili hiyo, chini utaitambua mapema.

Kisha ije na theluthi moja hivi ya nguvu mpaka magurudumu ya mbele yaguse, mkia ukiwa bado juu. Ndipo upunguze, na usukani usiuache mpaka isimame kabisa, maana nimewahi kushangilia mapema nikaiona inazunguka na kukata mguu mmoja. Ikija ikikutazama na bawa likishuka, peleka kijiti cha aileroni upande ule ule unaoshuka, kama unaliwekea nguzo, ilimradi mwendo bado upo.

Tupia picha ya miguu yake kwa ubavuni tuone ekseli imekaa wapi.