Dada, usiuze simu yako ya zamani Jumamosi

Usiuze hiyo simu, dada. Nimesoma uzi wako mara mbili, nikafika pale unaposema utaitoa Android yako kwa laki mbili na nusu ili ujazie uchukue simu hii ya mfumo mpya usio Android, na kwamba muuzaji wa Makoroboi, hapa Mwanza, kakuambia "wanaoanza huwa wanavumilia kasoro ndogondogo, sasisho linakuja". Mwili ulinisisimka. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, mtaa huohuo, mwaka 2016.

Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mzigo unatoka Ukara na visiwa vingine, unashushwa alfajiri, napanga magunia, napiga picha, natuma kwa wateja wangu wa Kahama, Tabora na mmoja aliyekuwa anavusha kwenda Kongo. Anayependa anatuma sauti: niwekee gunia kumi, nusu natuma leo, nusu mzigo ukiisha. Mali kauli, kama kila mtu pale. Daftari sikuwa nalo. WhatsApp ndiyo ilikuwa daftari: picha ya mzigo, sauti ya mteja, ujumbe wa muamala, vyote vimefuatana kwa tarehe. Mtu akibisha unamrudishia sauti yake mwenyewe, anacheka, anatuma hela. Wewe unauza vitenge Mlango Mmoja kwa oda za WhatsApp, kwa hiyo najua unanielewa.

Simu mpya, nayo ya mfumo mpya, ilikuwa 620,000. Ya zamani wakaipokea palepale kama 180,000, nikaongezea iliyobaki. Kununua hakukuniumiza. Kilichoniumiza ni kuitoa ya zamani siku ileile.

Jina la ule mfumo silitaji, na duka silitaji. Ila yule muuzaji alinionyesha M-Pesa inafanya kazi, akatabasamu kana kwamba amemaliza hoja zote. Dada, *150*00# inafanya kazi hata kwenye kitochi! Haihitaji programu yoyote, inapita kwenye mtandao wa simu wenyewe. Kunionyesha hiyo ni sawa na kumuuzia mtu pikipiki kwa kumpigia honi. Nikamuuliza kuhusu ujumbe wangu wa WhatsApp. Akasema nakala ipo, itarudi, na isiporudi leo basi sasisho la mwezi ujao litairudisha. Nikaamini. Nikatoa laini, nikaweka kwenye mpya, nikaandika namba, WhatsApp ikafunguka nyeupe. Hakuna mteja hata mmoja. Nakala iliyotengenezwa na Android haikusomeka upande wa pili.

Nikasema basi, nirudishieni ile ya zamani kwanza. Kijana wa dukani alikuwa ameshaifuta yote wakati mimi nahesabu hela.

Usiku ule nilikaa na kalamu nikijaribu kukumbuka nani anadaiwa nini. Nilikumbuka labda nusu. Mama mmoja wa Tabora alinipigia mwenyewe, akanisomea kutoka daftari lake, akatuma 340,000 yote. Mungu amzidishie. Wa Kahama mmoja akasema alishamaliza. Mwingine akasema magunia yalikuwa sita, mimi nakumbuka tisa, na ukimdai mtu bila ushahidi wewe ndiye unayegeuka mgomvi. Jumla niliyokata tamaa nayo ni 1,850,000. Yule wa Kongo nilimdai kwa ukali, tukatukanana kwenye simu. Miezi miwili baadaye nikachukua taarifa ya miamala yangu, nikakuta alishanilipa kitambo. Nilimpigia kumuomba radhi, hakupokea tena. Hilo linaniuma hadi leo kuliko ile milioni na laki nane na hamsini.

Na bado nilivumilia! Miezi kumi na moja. Kila nikirudi dukani naambiwa "sasisho, kaka, subiri". Sasisho lilikuja mwezi wa nne, likaleta rangi mpya na saa nzuri kwenye kioo. Wateja wangu halikuwaleta. Nilipochoka, duka lilelile likaniambia wataipokea kwa 90,000. Mtu anakuuzia ahadi kwa laki sita na ishirini, halafu anainunua mwenyewe kwa elfu tisini, bila aibu. Na wale wa kwenye kundi letu walionisifia "umetangulia mbele ya wakati" sikumwona hata mmoja siku ya kudai madeni.

Sasa kuna mdau hapo juu amekujibu kwamba hata iPhone ya kwanza ilikuwa na kasoro. Ni kweli kabisa. Ilitoka Juni 2007, duka la programu likaja Julai 2008, kunakili na kubandika maneno mpaka 2009. Waliowahi kwa dola 599 walishuhudia bei ikishuka hadi 399 Septemba hiyohiyo, wakalalamika mpaka Steve Jobs, bosi wa Apple, akawapa fidia ya dola 100 ya kununulia vitu vya Apple. Lakini angalia, mkuu, zile zilikuwa kasoro ambazo dawa yake ilikuwa mikononi mwa Apple wenyewe. Walitaka kuzirekebisha, wakazirekebisha. Betri, joto, kuganda, kamera, yote ni ya namna hiyo, mtengenezaji wa simu akijituma yanaisha.

Programu unazozihitaji wewe, WhatsApp na ya benki, hazitengenezwi na mtengenezaji wa simu. WhatsApp wana wakubwa wao, benki yako ina wakubwa wake, na hao wanahesabu watu. Mfumo ukiwa na watu wachache hawahangaiki kuuandikia programu, na kwa kuwa programu hazipo, watu hawaji. Uvumilivu wako wewe mmoja wa Mlango Mmoja hauwezi kuufungua huo mzunguko hata ukae miaka mitatu. Mfumo wa BlackBerry 10 ulitoka 2013, WhatsApp wakauacha mwisho wa 2017. Windows Phone, mfumo wa Microsoft, wakauacha mwisho wa 2019. Simu zenyewe zilikuwa bado zinawaka vizuri, vioo havijapasuka! Na wakati mwingine mwenye mfumo mwenyewe ndiye anayekuacha: aliyenunua Lumia 900, simu ya Nokia ya Windows Phone, Aprili 2012 aliambiwa Juni hiyohiyo kwamba Windows Phone 8 haitaingia kwenye simu yake. Miezi miwili tu. Mozilla nao waliingiza Firefox OS, mfumo wao wa simu, madukani 2013, na Desemba 2015 wakatangaza wanaachana na simu.

Kwa hiyo mimi nina sharti moja tu, na mniite mwoga, nimeshaitwa: simu ya mfumo mpya ilipie kwa inachofanya leo ukiwa umeishika. Kinachokuja mwezi ujao kihesabu sifuri. Kama leo, pale kaunta, haifungui ujumbe wako wa wateja, basi haifungui. Akikuambia itafungua mwezi ujao, mwambie nami nitakuja na hela zangu mwezi ujao.

Jumamosi nenda na simu yako ya zamani lakini usimkabidhi mtu. Mwambie akuwekee WhatsApp kwenye mpya, uweke laini yako, urudishe nakala, utafute oda ya mteja mmoja ya mwezi uliopita na uisikilize sauti yake mpaka mwisho. Fungua programu ya benki unayotumia, angalia salio. Akikataa kwa sababu simu ni mpya na hataki kufungua boksi, shukuru, panda daladala urudi zako. Hata vyote vikifunguka, ya zamani kaa nayo miezi mitatu kwenye droo. Hiyo laki mbili na nusu unayoitaka kwa haraka bora nikukopeshe mimi, naongea kwa dhati, njoo Mwaloni uulize wauza dagaa, watakuonyesha nilipo.

Na usiku wa leo, kabla hujalala, chukua daftari la shule la mwanao, andika kila anayekudai na unayemdai. Niandikie hapa ukimaliza. Niko macho, naamka saa tisa kusubiri boti.