Damu haingoji boti: yaliyonikuta Lamu nikipima antioksidanti

Jana usiku nimepata ujumbe wa binti anayesoma shahada ya uzamili. "Dada, vitamini C kwenye sampuli zangu inasoma karibu sifuri, na watu wenyewe wanakula maembe kila siku. Ni mashine imeharibika?" Nimeusoma mara tatu, usingizi ukaniruka. Mashine yako ni nzima, mdogo wangu. Kilichoharibika ni damu, na iliharibika kabla hujaiwasha hiyo mashine. Nayajua haya kwa sababu yalinikuta mimi.

Utafiti wangu ulikuwa wa kupima uwezo wa antioksidanti, yaani kemikali zinazokinga seli, kama hiyo vitamini C, katika damu ya wanawake wa Lamu. Mambo ya vibali na fomu nayaruka. Siku yenyewe wanawake 36 walikuja alfajiri mtaa wa Langoni, hawajaonja hata chai, kwa sababu niliwaomba waje na njaa. Mimi nilikuwa na haraka ya boti. Kamba niliiacha imekaza mkono wakati nikitafuta mshipa. Bomba nikalivuta kwa nguvu. Kisha damu nikaisukuma ndani ya tyubu kupitia sindano ile ile nyembamba, badala ya kuichomoa sindano kwanza. Kila moja katika hayo hupasua seli nyekundu, nami niliyafanya yote. Tyubu nikazifukia kwenye barafu, zikigusana na barafu yenyewe, na damu nzima ikigandishwa na baridi seli zake hupasuka. Boti hadi Mokowe, gari hadi Mombasa kupitia Garsen na Malindi. Nilipoziweka kwenye sentrifuji, mashine inayozungusha damu ili seli zijitenge, jua lilikuwa limeshatua.

Plazima, yale maji ya damu yanayobaki juu seli zikishatengwa, ikiwa safi ina umanjano wa majani makavu. Yangu ilitoka nyekundu kama maji ya tikiti. Niliishika tyubu ya kwanza kwenye taa, nikaona, nikanyamaza, nikapima hivyo hivyo. Kunyamaza kule ndiko kunakoniuma zaidi kuliko haraka yote ya asubuhi.

Nilitumia FRAP, njia ya kupima nguvu ya antioksidanti ambayo Benzie na Strain waliichapisha mwaka 1996. Antioksidanti hubadilisha chuma, rangi ya buluu hutokea, nawe unaisoma kwenye nanomita 593. Seli zikipasuka, wekundu wa himoglobini unaichafua rangi unayoisoma, na vilivyokuwa ndani ya seli vinamwagikia plazima. Glutathioni, antioksidanti nyingine, kwa mfano, imejaa ndani ya seli nyekundu na kwenye plazima ni kidogo sana, kwa hiyo anayeipima kwenye plazima yenye wekundu anapima seli zilizopasuka. Halafu nusu ya tyubu zangu zilikuwa za kifuniko cha zambarau, zile za EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande. EDTA hushika chuma, na chuma ndicho kipimo chenyewe! Za kijani, za heparini, ambayo nayo huzuia damu isigande, zilikuwepo kwenye boksi lile lile.

Msimamizi wangu aliitazama karatasi ya majibu mbele ya wenzangu wote akasema, "Hukuleta damu, umeleta uchafu." Alikuwa na haki ya kuyakataa majibu. Ya kunisema mbele ya watu sikubali mpaka leo.

Basi nisikilize. Damu isikae. Kamba isizidi dakika moja, tyubu uipindue polepole, usiitikise. Sentrifuji iifuate damu iliko, damu isisafirishwe kuifuata sentrifuji. Plazima ikishatoka, ile ya vitamini C ichanganye na asidi ya metafosforiki papo hapo, kwani isipotulizwa na asidi inaoza ukiitazama; ndiyo sifuri zako hizo. Igawe kwenye vichupa vidogo ili usiyeyushe na kugandisha kichupa kimoja mara nne, ikinge na mwanga, ihifadhi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Narudia: damu isikae. Na ukiona wekundu, itupe na uandike kwamba umeitupa. Mtafiti anayeficha sampuli mbovu anawadhulumu watu waliomnyoshea mkono.

Jambo moja wengi hawaambiwi. Zaidi ya nusu ya kinachosomwa na FRAP kwenye plazima ni asidi ya yuriki. Sisi watu wa pwani tunakula samaki, na samaki huipandisha asidi hiyo. Mtu mwenye jongo, ugonjwa wa viungo unaoletwa na asidi hiyo ikizidi, anaweza kuonekana ana kinga tele kuliko jirani yake mzima. Pima asidi ya yuriki kando, katika sampuli ile ile, kabla hujamsifu mtu kwa kinga yake.

Mara ya pili niliazima sentrifuji ndogo, nikavuka nayo kutoka Mokowe nimeipakata, na kisanduku cha barafu kavu miguuni. Tulizungusha damu hapo hapo Langoni, hakuna tyubu iliyopita nusu saa. Kati ya waliorudi alikuwamo bibi mmoja ambaye mara ya kwanza aliniuliza, "Mwanangu, damu yangu yasemaje?" nami sikuwa na jibu la kumpa. Alikaa, akakunja mkono wa buibui. Ilipotoka kwenye mashine nilimwonyesha kichupa chake, manjano, angavu. Akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha akauliza mbona si nyekundu, nikakaa chini nikamweleza.