Kadi mpya ya video imegoma: maswali yenu na majibu ya mafundi

Barua nyingi za safari hii zinalia kilio kimoja. Mtu amebadilisha kadi ya video akitarajia picha safi na gemu nyepesi, badala yake kapata skrini nyeusi, mistari, au kompyuta inayojizima. Kabla hujafungua kasha, jibu swali moja: hitilafu inaanza lini? Ikiwa ipo tangu nembo ya ubao mama inapotokea, au ndani ya BIOS (programu ya ubao mama inayoanza kabla ya Windows), Windows haihusiki kabisa. Tafuta kwenye kadi, kebo, umeme au mipangilio ya BIOS. Ikiwa BIOS inaonekana safi na matata yanaanza Windows ikishapanda, mshukiwa wa kwanza ni draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuiendesha kadi.

Swali: Habari za kazi, mafundi. Nimefunga kadi mpya, feni zake zinazunguka na taa zinawaka, lakini monita inasema haipokei picha. Nikirudisha kadi ya zamani mambo yanakuwa sawa. Je, nimeuziwa kadi mbovu?

Jibu: Usiirudishe bado. Feni kuzunguka kunaonyesha tu kwamba umeme umefika kwenye feni. Anza na nyuma ya kasha: kebo ya monita iwe kwenye matundu ya kadi yenyewe, si yale ya ubao mama yaliyo karibu na USB. Kosa hili ni la kawaida kuliko watu wanavyokubali, na prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, mfano i5-12400F, hazina sehemu ya michoro ndani yake, kwa hiyo matundu ya ubao mama hayatatoa picha kamwe. Jaribu tundu lingine la kadi, kisha kebo nyingine, na uchague chanzo cha picha kwa mkono kwenye menyu ya monita.

Hapo pakiwa sawa, zima kompyuta, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 hivi ili chaji iliyobaki iishe. Toa kadi na uirudishe kwenye sloti ndefu iliyo karibu zaidi na prosesa. Sukuma ncha zote mbili mpaka kikufuli cha sloti kijifunge. Kisha inama uitazame kwa ubavu. Ukanda wa dhahabu wa kadi uwe umezama sawasawa mwanzo hadi mwisho. Ukiona umenyanyuka upande wa skrubu, hata milimita 1, mara nyingi ni ule ulimi wa chini wa bati la kadi umegonga ukingo wa kasha au wa ubao mama. Toa kadi, uelekeze ulimi kwenye nafasi yake, na usikaze skrubu mpaka kadi ikae yenyewe bila kulazimishwa.

Halafu umeme. Sloti yenyewe inatoa wati 75 tu. Plagi ya pini 6 inaongeza 75, ya pini 8 inaongeza 150. Kadi yenye soketi mbili lazima zote mbili zijazwe. Ukijaza moja tu, kadi nyingi hukataa kutoa picha.

Kama bado kimya, rudi kwenye BIOS. Ubao mama wa zamani huenda umewekwa kwenye hali ya CSM, inayoiga BIOS za kale, na baadhi ya kadi mpya hazielewani nayo. Rudisha kadi ya zamani, sasisha BIOS kwa toleo jipya la mtengenezaji wa ubao mama, kisha uzime CSM. Lakini tahadhari: kama Windows yako iko kwenye diski ya muundo wa MBR (mgawanyo wa zamani wa diski), haitapanda CSM ikizimwa. Hifadhi kwanza nakala ya kazi zako, fungua dirisha la amri kama msimamizi, na uandike mbr2gpt /validate /allowFullOS. Ukaguzi ukipita, andika mbr2gpt /convert /allowFullOS kuibadili diski iwe ya muundo mpya wa GPT, kisha ndipo uingie BIOS kuzima CSM. Hatua ya nakala isirukwe.

Swali: Shikamooni wakubwa. Nimetoka kwenye NVIDIA nikahamia Radeon ya AMD. Windows inapanda, ila skrini inakuwa nyeusi sekunde mbili tatu kisha inarudi, na gemu zinajifunga. Kwenye BIOS hakuna shida.

Jibu: Marahaba. Mstari wako wa mwisho ndio umetoa jibu: ni draiva. Kadi isipojibu ndani ya sekunde 2, Windows huizima draiva na kuiwasha upya, na hicho ndicho kile kiza unachokiona. Kuthibitisha, bonyeza Win na R, andika eventvwr.msc, ingia kwenye kumbukumbu za mfumo, na utafute tukio namba 4101 lililoandikwa saa ileile skrini ilipozima.

Chanzo cha kawaida kwa aliyehama kampuni ni mabaki ya draiva ya zamani. Kuiondoa kwa njia ya kawaida huacha mafaili na huduma zinazoendelea kujiwasha. Pakua draiva mpya kutoka tovuti ya AMD, pakua na programu ya bure iitwayo Display Driver Uninstaller, maarufu kama DDU, kisha ukate intaneti kabisa, kebo na Wi-Fi. Hili la intaneti wengi hulidharau, halafu Windows Update inawawekea draiva yake katikati ya kazi na usafi wote unapotea bure. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli la siri la Windows), uwe na ule ufunguo wa tarakimu 48 mkononi, maana kompyuta inaweza kuudai.

Shikilia Shift huku ukibofya kuwasha upya, pitia sehemu ya utatuzi hadi mipangilio ya kuwasha, na ubonyeze 4 kuingia hali salama. Fungua DDU, chagua NVIDIA, safisha bila kuwasha upya, kisha chagua AMD nayo usafishe, sasa uwashe upya. Weka draiva uliyopakua, washa upya tena, ndipo urudishe intaneti.

Kuna kitu kingine cha kuangalia. Kama ulikuwa unatumia programu ya MSI Afterburner kuongeza kasi au kupunguza volti ya kadi ya zamani, huenda wasifu ule bado unajiwasha na kulazimishwa kwenye kadi mpya. Rudisha kila kitu kwenye hali ya kiwandani kabla ya kupima. Na skrini ikiganda kabla hujamaliza matengenezo, Win, Ctrl, Shift na B kwa pamoja huamsha upya draiva bila kuzima kompyuta.

Hatushauri DDU kila draiva mpya inapotoka. Ni dawa ya kuhama kampuni au ya draiva iliyoharibika, basi.

Swali: Nikianza gemu, baada ya dakika chache kompyuta inazimika kama umeme umekatika. Nikiangalia filamu haina tatizo. Pawa saplai ni ya wati 500, na boksi la kadi linataka 650.

Jibu: Boksi limeshakuambia. Ila namba 500 nayo isikudanganye, kwa sababu kadi hula kutoka njia ya volti 12 pekee. Soma kibandiko ubavuni mwa pawa saplai, tafuta ampea za volti 12, uzidishe kwa 12. Ikiwa pameandikwa ampea 32, basi una wati 384 za kugawana kadi, prosesa na feni. Juu ya hayo, kadi za kisasa huruka ghafla kwa milisekunde chache na kuvuta kupita kiwango kilichotangazwa, na ulinzi wa pawa saplai unakata umeme mara moja. Ndiyo maana inazima tu bila ujumbe wowote. Kwenye kumbukumbu za Windows utakuta tukio 41 la Kernel-Power, lakini hilo linasema tu kwamba umeme ulikatika, halisemi kwa nini.

Pima hivi bila kununua kitu: tumia Afterburner kushusha kikomo cha umeme wa kadi hadi asilimia 70, au chini kabisa inaporuhusu, na uwekee gemu kikomo cha fremu (picha) 60 kwa sekunde. Ikiacha kuzima, ushahidi unaielekea pawa saplai. Joto nalo huzimisha, ila mara nyingi kadi hupunguza kasi kwanza. Angalia vipimo vya GPU-Z, programu inayoonyesha hali ya kadi, gemu ikiendelea.

Ukinunua pawa saplai mpya, tumia kebo zilizokuja nayo tu. Kebo za pawa saplai nyingine zinaweza kuingia vizuri kabisa kwenye matundu, lakini mpangilio wa nyaya upande wa pawa saplai haufanani kati ya watengenezaji, na kosa hilo linaunguza kadi au diski. Kadi yenye soketi mbili za pini 8 ipewe kebo mbili tofauti, si kebo moja yenye vichwa viwili. Plagi ya kadi hugawanyika 6 na 2. Ya prosesa hugawanyika 4 na 4, na volti zake zimepangwa kinyume. Isipoingia kwa urahisi, usiilazimishe. Kwa plagi mpya ya pini 16, sukuma mpaka pasibaki mwanya wowote, na usiikunje kebo karibu na plagi. Acha kama sentimita 3.5 zikiwa zimenyooka.

Swali: Rangi zimefifia baada ya kuweka kadi mpya. Nyeusi imekuwa kijivu.

Jibu: Kadi inadhani monita yako ni televisheni. Kwenye HDMI inatuma rangi za kuanzia 16 hadi 235 badala ya 0 hadi 255. Kwa NVIDIA, fungua paneli ya udhibiti, ukurasa wa kubadili ukubwa wa picha, na uchague upeo kamili wa rangi. Kwa AMD, tafuta muundo wa pikseli kwenye sehemu ya onyesho na uchague RGB 4:4:4 kamili.

Swali: Kadi ina nguvu kuliko ya zamani lakini sioni tofauti. Gemu zimekwama fremu 60, na nyingine zinakatakata.

Jibu: Kukwama 60 kamili ni dalili ya monita. Windows mara nyingi huanza na hertzi 60 kadi ikibadilishwa. Nenda mipangilio ya kina ya onyesho na uchague 144 au kiwango chochote cha monita yako. Kiwango kisipotokea kwenye orodha, chunguza kebo: HDMI 1.4 inaishia hertzi 30 kwenye 4K, HDMI 2.0 inafika 60. Zima pia V-Sync, inayozifunga fremu kwenye hertzi za monita, ndani ya gemu.

Kukatakata ni habari nyingine. Angalia matumizi ya kadi gemu ikiendelea. Yakiwa karibu asilimia 99, kadi inafanya kazi yake yote. Yakiwa 50 au 60, na hukuweka kikomo cha fremu, kwa kawaida prosesa au RAM ndiyo inayoichelewesha. Kisha fungua GPU-Z, soma mstari wa njia ya mawasiliano (Bus Interface), na uwashe kipimo chake kidogo cha kuchora, kwa sababu kadi ikipumzika hushusha kasi na kukupa namba ya uongo. Kadi ya njia 16 (x16) ikionyesha 4 (x4), pengine iko sloti ya chini au haijazama vizuri. Radeon RX 6500 XT yenyewe ina njia 4 tu: kwenye ubao wa PCIe 3.0 (toleo la zamani la sloti ya kadi) inabaki na takriban gigabaiti 4 kwa sekunde, nusu ya inachopata kwenye 4.0, na gigabaiti zake 4 za kumbukumbu zikijaa, gemu huchechemea. Wenye kadi za Intel Arc wawashe Resizable BAR, inayoiruhusu prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja, kwenye BIOS. Bila hiyo kadi hizo hupoteza nguvu nyingi.

Swali: Kuna nukta za rangi na mistari kila mahali, hata kwenye BIOS.

Jibu: Draiva haimo, kwa hiyo DDU haitakusaidia. Badilisha kebo na monita. Kisha, ukiwa ndani ya Windows, nasa picha ya skrini na uifungue kwenye simu. Nukta zikionekana hata huko, zimezaliwa ndani ya kadi, na kumbukumbu yake ndiyo mshukiwa mkuu. Picha ikiwa safi, tatizo liko kati ya tundu la kadi na monita. Ukiweza, ijaribu kadi kwenye kompyuta nyingine. Ikirudia, usiifungue wala kubandua stika za skrubu. Piga picha kwa simu nukta zikionekana ndani ya BIOS, uiambatishe na risiti, na udai dhamana.