Mwanangu, mabibi zako wamo kwenye mirathi

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Umeuliza vipi shajara yetu ya ukoo imejaa wanaume watupu, na hawa jamaa wa Kigoa na wa Kingazija wanaosemwa ni wetu wameingilia wapi. Iweke shajara kando kwanza. Ile humfuata baba. Mke na binti utawakuta penye mali, maana kadhi hawezi kugawa mirathi bila kuwahesabu.

Anza na marehemu wa karibu unayemjua kwa jina lake, la babake na la babuye, kisha panda juu. Bila jina la babu utachanganya watu. Akina Said bin Salim wa Unguja na Pemba ni wengi kama minazi. Majalada ya mirathi na hati za mashamba za zama za Waingereza yaulizie kwenye ofisi ya Nyaraka, Kilimani, Unguja. Za wakfu (mali iliyofungwa isiuzwe, manufaa yake wapewe waliotajwa), pita pia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Ukilipata jalada, usikimbilie majina. Piga hesabu. Chukua tarika, yaani mali aliyoacha marehemu, iliyobaki rupia 2,400 baada ya mazishi, madeni na wasia, na wazazi wa marehemu walishatangulia. Mume akiacha watoto, mke hupata thumni (sehemu moja ya nane), yaani 300. Ukiona risiti ya mjane ni 150, ujue yuko mke wa pili hata kama hakuna aliyewahi kumtaja. Zinabaki 2,100. Watoto wa kiume wakipewa 600 kila mmoja na binti 300, na wewe unawajua wanaume wawili na binti mmoja, umefikia 1,500. Hizo 600 zimekwenda kwa mtu: mwana mwengine, au mabinti wawili. Ndio utafute ukurasa uliokosekana. Angalia pia orodha ya madeni, kwani mahari iliyokuwa haijalipwa huandikwa humo pamoja na jina la mke.

Lakini kukosekana kwenye mgao si dalili ya kutokuwa damu. Mjukuu aliyefiwa na baba kabla ya babu huzuiwa na ami zake. Mke aliyeachwa na eda yake ikaisha hayumo, wanawe wamo. Suria, yaani mjakazi aliyewekwa kinyumba na bwana wake, naye harithi, ila mtoto aliyemzalia bwana wake ni huru na hurithi sawa na ndugu zake. Ukiona mwana asiye na mama kati ya wajane, fikiria hayo mawili. Na asiye Muislamu hamrithi Muislamu. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, alibatizwa na kuolewa na Mjerumani huko Aden mwaka 1867, na urithi wa nduguze ukampita. Basi bibi wa Kigoa aliyebaki na dini yake mtafute kwenye vitabu vya ubatizo vya kanisa Katoliki la Minara Miwili, Shangani: mna wazazi na wasimamizi wa ubatizo. Aliyesilimu mara nyingi huandikwa “binti Abdallah”, na hapo watu hupotea wakamsaka huyo Abdallah asiyekuwepo. Watumwa walioachwa huru nao wengi waliandikwa hivyo. (Ukigundua hilo katika ukoo wa mtu, usilitangaze harusini.)

Wakfu nao una mtego wake. Mwenye kuweka wakfu aliweza kuwatia watumwa wake aliowaacha huru pamoja na wanawe, kwa hiyo kutajwa humo peke yake hakuthibitishi nasaba.

Tarehe za Kiarabu: zidisha mwaka kwa 0.97, ongeza 622. 1320 inakupa 1902 hivi. Siku huanza magharibi, kwa hiyo aliyekufa usiku wa kuamkia Ijumaa kabla ya saa sita, hati ya Kiarabu itasema Ijumaa na ya Kizungu Alhamisi. Si watu wawili. Na ukikuta “al-Jazira al-Khadhra”, hiyo ni Pemba.

Hati za mashamba ya karafuu ndizo tamu. Kila moja hutaja mipaka minne: mashariki shamba la fulani, kibla la fulani. Majirani hao mara nyingi ni mashemeji au ndugu waliogawana shamba moja, basi zifungue hati zao pia.

Ukipiga picha, piga ukurasa mzima, usikate mstari wenye jina tu. Nataka kuona mashahidi walioandikwa chini. Nitakusomea mimi yale maandishi ya Kiarabu.

Mzee wako