Makande Hayaivi Kileleni: Kwa Mnaoanza Kuandika Sayari Nyingine

Wadogo zangu, nimevumilia vya kutosha. Jumamosi hii tena, pale kikundi chetu cha uandishi kinapokutana Ngarenaro, zimesomwa rasimu nne, na tatu kati yake zimeanza na roketi inatua, vumbi linatimka, kapteni anafungua mlango na kusema, "Tumefika." Kapteni anaitwa John. Kwenye zote tatu. Sijui kapteni huyu mnamtoa wapi, maana Arusha nzima sijawahi kukutana naye, ila kila anayeanza bunilizi, hadithi za kubuni za namna hii, anakuja naye mfukoni. Nawapenda, ndiyo maana naandika haya badala ya kuacha kuja. Mambo ya msuko, mhusika na rasimu ya pili tumeshayasema sana, sirudii.

1. Roketi iacheni. Anzeni watu wakiwa wameshahamia zamani, wana madeni, wana majirani wasiosalimiana nao.

2. Sayari si mtaa. Mmoja kaandika sayari ya barafu, mwingine sayari ya misitu, kana kwamba dunia nzima inaweza kuwa na hali ya hewa ya Sakina. Hebu panda hiace Moshi mjini mwezi wa saba ukiwa na fulana, ushuke Marangu jioni, uone kama hutatafuta sweta. Na huko hujatoka hata nje ya mkoa. Kama sayari yako ni jangwa kila upande, sawa, Mirihi iko hivyo, lakini nipe sababu: hewa yake ni nyepesi mno, mgandamizo wake haufiki hata asilimia 1 ya hewa yetu, kwa hiyo maji hayakai juu ya ardhi. Sababu moja inanitosha. Usiniambie mizimu ilikasirika, kisha sura ya tano ukanitembeza kwenye shamba la machungwa.

3. Saa. Hapa ndipo mnaponichosha. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, na tunaweza kufanya hivyo kwa sababu tuko karibu na ikweta, Arusha ni nyuzi 3 na kidogo tu kusini, jua linachomoza karibu wakati uleule mwaka mzima. Mpeleke mhusika Mirihi: siku ya kule ina saa 24 na dakika 39 na ushee. Akiendelea kutazama saa ya mkononi aliyotoka nayo Arusha, baada ya siku 18 hivi saa sita yake ya mchana itamkuta usiku wa manane.

Zuhura ndiyo balaa. Kule jua linachomoza magharibi, na toka macheo mpaka macheo mengine ni siku 117 za kwetu. Kuna mwenzenu aliandika mtu wa Zuhura anamwambia mwenye nyumba, "Kodi nitakuletea kesho asubuhi." Tulicheka mpaka tukashika mbavu, na yeye hakujua tunacheka nini. Ni mstari mzuri kuliko yote aliyowahi kuandika. Akaufuta! Mpaka leo namsihi aurudishe.

Umri nao vilevile. Kuna sayari iliyogunduliwa mwaka 2016 inayoizunguka Proxima Centauri, nyota iliyo jirani nasi kuliko zote ukiliacha Jua. Mwaka wake ni siku 11 na kidogo. Yule mzee wako wa miaka 500, mwenye ndevu za kufika magotini na hekima ya ukoo mzima, kwa mwaka wa kule ni kijana wa kidato cha pili. Ndevu zenyewe hana. Tena huenda sayari hiyo inaielekezea nyota yake uso mmoja daima, yaani kuna watu wa mchana na watu wa usiku, na hawabadilishani zamu. Mnapewa hadithi bure hapo, ninyi mnaandika "jua lilipotua".

4. Makande. Hili ni langu mwenyewe, na nitalisema lote kwa sababu Jumamosi nimeliona likirudi kwenu mara mbili kwa sura nyingine.

Nilikuwa nimeandika hadithi ndefu ya watu wa Mirihi. Wanaishi kwenye mahandaki yaliyozibwa, hewa wanaitengeneza kwa mashine, na kwa kuwa hewa ni ghali wanaishi kwa hewa kidogo. Nikaandika hivi: "Hewa ya mji ule ilikuwa nyepesi kama ya kilele cha Kibo." Sentensi hiyo niliipenda jamani. Ina sayansi, ina nyumbani. Niliisoma kwa sauti peke yangu chumbani. Kisha msuko ukaendelea: mji una koo mbili zisizosemezana, bibi mmoja anaamua kuzipatanisha, anainjika mchana chungu kikubwa cha makande, mahindi na maharage pamoja, jioni koo zote zimeitwa, na kabla mashine haijapunguzwa kwa ajili ya usiku watu wameshakula, wamelia, wamesameheana. Kurasa zote zilizotangulia zilikuwa zinakipandia chungu hicho.

Nikachapisha. Kwa hela yangu, stationery moja karibu na Mnara wa Saa, jalada la rangi, maboksi kwa maboksi. Nikaalikwa kusoma Moshi, kwenye ukumbi wa shule, watu wengi kuliko nilivyotegemea. Nikachagua sehemu ya makande. Mama mmoja wa safu ya mbele akatoa kitenge akafuta macho. Nikajua sasa mimi ni mwandishi.

Ukafika muda wa maswali. Akasimama kijana mmoja nyuma, mpagazi wa mlimani, mtu wa Machame.

"Shikamoo mwalimu. Hadithi nimeipenda. Swali langu dogo tu. Hayo makande yaliivaje?"

Nikamjibu kwamba yaliiva kwa umeme. Watu wakacheka, nami nikacheka nao.

"Hapana mwalimu, moto siuulizi. Umesema hewa ni ya Kibo. Sisi tukiwa kambi ya Barafu, na pale hujafika kileleni, maharage hatupiki. Maji yanachemka, mapovu unayaona, ila hayana moto wa kuivisha. Utakesha nayo mpaka gesi iishe, bado mawe. Wewe umeweka na mahindi humohumo, na jioni watu wanakula."

Alikuwa sahihi asilimia mia. Mgandamizo wa hewa ukipungua, maji yanachemka mapema, na yakishachemka hayapandi tena joto hata uchochee namna gani, yanageuka mvuke tu. Moshi mjini yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi. Kambi ya Barafu, mita 4,673, karibu nyuzi 85. Kileleni, mita 5,895, ni kama nyuzi 80. Sasa nisikilizeni: mimi kazi yangu ni kufundisha fizikia. Mada hiyo naifundisha kila mwaka, na mchoro wake nauweka ubaoni kwa chaki za rangi mbili.

Ningemshukuru yakaisha. Badala yake nilivuta maikrofoni nikasema, "Kijana, hii ni hadithi tu."

Ukumbi ukapoa. Hakubisha. Alisema, "Sawa mwalimu," akaketi. Baadaye nje alinisaidia kubeba boksi mpaka stendi. Nakala hakununua, alibeba tu. Njiani akaniambia kwa upole kwamba watu wa mlimani wakifika kwenye hayo makande watafunga kitabu, wala si kwa hasira, ila watakuwa wamejua kwamba aliyeandika hajawahi kushinda na njaa kule juu. Nikapanda basi la jioni. Kutoka Boma Ng'ombe mpaka Usa River nimekaa dirishani na sikuona kitu.

Bibi wa watu niliyemtungia machozi hakuwa amepika chochote. Koo mbili zilisameheana mbele ya chungu cha mawe.

Wiki iliyofuata nilitaka kurekebisha kwa ujanja, niongeze hewa kidogo kwenye sentensi moja mambo yaishe. Nikakaa na hilo swali, nikaona ni uvivu. Nikaiacha hewa ileile, nikaanza kumjibu yule kijana. Kama maharage hayaivi kwenye sufuria ya kawaida, basi kwenye mji huo sufuria ya presha ndiyo mali. Ndiyo mahari. Ukoo mmoja unazo, mwingine unaishi kwa uji. Raba ya mfuniko ikikatika hakuna duka la spea, Dunia iko mbali. Bibi sasa hana haja ya hotuba ya upatanisho: ana raba moja ya akiba ndani ya kanga, na koo zote mbili zinajua anayo. Hadithi ikapungua nusu, ugomvi ukawa wa kweli, na sikulazimika kumliza mtu. Yote hayo yalikuwa ndani ya swali nililolizima kwa maikrofoni.

Ndiyo sababu nawakatisha mkisema "ni hadithi tu". Jumamosi mmoja wenu ameulizwa mvua ya sayari yake inatoka wapi ilhali hakuna bahari wala ziwa, naye akajibu hivyohivyo, kwa sauti ileile niliyotumia mimi. Ukibadilisha kitu kimoja, iwe hewa, uzito au urefu wa usiku, kifuate mpaka jikoni, mpaka chooni, mpaka kwenye bei za sokoni. Kimoja kinatosha kitabu kizima. Mnaobadilisha ishirini hamkifuati hata kimoja.

5. Uzito. Mirihi inavuta kwa asilimia 38 ya Dunia, kwa hiyo kilo 20 za mpagazi zitamkaa mgongoni kama kilo saba na nusu. Lakini mzigo ukishaanza kuteleza kwenye mteremko, kuusimamisha ni kazi ileile ya hapa, maana kilichopungua ni mvuto tu, mzigo wenyewe ni uleule. Mgeni ataukinga kwa mkono mmoja na kuvunjika mbavu siku ya kwanza. Andikeni hiyo.

6. Majina. Hilo la herufi tano za konsonanti na alama katikati, wewe mwenyewe uliyeliandika uliliruka uliposoma. Na ngeli ya viumbe wenu muiamue mapema. Mhusika akisema "wale" au "yale" ameshaonyesha anawachukuliaje, na nikikuta vyote viwili ndani ya aya moja najua mwandishi hajaamua.

7. Walowezi. Hapa sicheki. Rasimu zile tatu zinashusha watu kwenye sayari yenye wenyeji, wenyeji wanapiga makofi, wageni wanagawana ardhi, mwisho mwema. Na mmoja wa walioandika hivyo kwao ni Ngarenanyuki, upande wa Mlima Meru! Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu huko, nyumba zikachomwa, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akafunga safari hadi Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea watu wake. Mtu aliyetoka miguuni mwa Meru, akasimama mbele ya mataifa ambayo mengi yake hayakujua mlima huo uko wapi, akaeleza ng'ombe wa watu walivyoswagwa: hiyo ni safari ya sayari nyingine kuliko roketi yoyote mliyonisomea. Habari yenyewe bado inasimuliwa nyumbani kwenu, halafu unaenda kuandika upande wa aliyeshuka na chombo. Kuuandika upande huo sikukatazi, ila uwe umeuchagua, usiwe umeukuta tu kwenye filamu.

8. Tembeeni. Mnamaliza bando kutafuta picha za sayari za ajabu, na Ol Doinyo Lengai iko mkoani kwenu. Ndiyo volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya aina ile, yenye magadi na kaboneti: joto lake ni kama nusu ya lava ya kawaida, inatoka nyeusi na majimaji, ikipata unyevu inageuka nyeupe. Chini yake kuna Ziwa Natron, maji ya kuunguza ngozi, na flamingo wakaona hapo ndipo pa kulelea vifaranga kwa sababu fisi na mbweha hawathubutu kuvuka. Mngebuni ninyi mngeambiwa mnatia chumvi. Karibu na Olduvai kuna rundo la mchanga mweusi wa majivu ya volkano ambalo upepo unalihamisha taratibu, mwaka baada ya mwaka. Binti mmoja wa kikundi alipelekwa huko na mjomba wake anayeendesha watalii. Akarudi na ukurasa mmoja na nusu, habari za familia inayobomoa nyumba na kuijenga tena mbele kwa kuwa kilima kinakuja, na baba mkwe amegoma kuhama. Hakuna kiumbe wa kijani, hakuna silaha ya mwanga. Ndiyo ile rasimu ya nne.

9. Kuchapisha kusubiri. Someni kwanza mbele ya mpishi, fundi bomba na mtu wa mlimani, na wakiuliza msishike maikrofoni. Nakala zangu za makande ya mchana mmoja bado zimejaa chini ya kitanda, na mke wangu ameshanipa mwezi wa mwisho. Anayezitaka aje na mfuko Jumamosi, ni bure, karatasi yake inawasha mkaa vizuri sana.