Kuwinda Mnyama Mkubwa Bila Mwongozaji: Anza Hesabu na Nyama

Watu wakitaka kujua gharama ya safari ya kuwinda bila mwongozaji, karibu wote huanza na bunduki na darubini. Mimi huwauliza kwanza: mnyama akishaanguka, nyama itafikaje kwenye gari? Ukilijibu hilo, utajua uwinde mnyama gani, upige kambi wapi, uende na nani na fedha zako uziweke wapi.

Uwindaji wa aina hii hauwezekani kila nchi. Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977. Tanzania inaruhusu uwindaji wa kitalii, lakini mgeni huwinda kupitia kampuni yenye kitalu cha uwindaji, akifuatana na mwindaji bingwa, na hiyo ni bajeti ya aina nyingine kabisa. Ninachozungumzia hapa ni magharibi mwa Marekani, ambako maeneo makubwa ya misitu na milima ni ardhi ya umma. Mwenye kibali halali anaingia, anapiga hema na kuwinda bila kumlipa mtu wa kumwongoza. Mnyama ninayemfahamu zaidi ni elki, yule jamaa mkubwa wa kulungu, na jimbo lenye elki wengi kuliko yote ni Colorado.

Sasa hesabu yenyewe. Elki dume aliyekomaa huwa na zaidi ya kilo 300 akiwa hai. Ukishatoa ngozi, matumbo, kichwa na mifupa, tuseme umebaki na kilo 100 za nyama. Mtu mwenye afya njema, mlimani, kwenye magogo na mawe, anabeba kilo 25 kwa safari moja bila kujiumiza. Hizo ni safari nne. Kama umempiga kilomita tano kutoka barabarani, utatoka na mzigo mara nne na kurudi mtupu mara tatu: kilomita 35 kwa miguu, kwenye mwinuko wa mita 3,000 ambako hewa ni nyepesi. Mkiwa wawili, kila mmoja anatembea kilomita 15. Kwa hiyo kwenye bajeti ndogo mwenzi mmoja wa kuaminika ana thamani kuliko kifaa chochote cha dukani. Mnagawana mafuta ya gari, chakula, hema na mzigo. Mkubaliane kabla ya kuondoka kwamba akiangushwa mnyama mmoja, wote wawili mnaacha kuwinda mpaka nyama yote iwe kwenye gari.

Umbali huo uchore kwenye ramani ukiwa bado nyumbani. Mimi huweka mpaka wangu na siuvuki, hata nikiwaona elki ng'ambo ya bonde. Huko nyuma ya bonde kuna wanyama wengi, kweli, lakini kuna joto pia, na nyama iliyoharibika kwa sababu hukuweza kuibeba ni dhuluma kwa mnyama. Katika majimbo mengi kuiacha porini ni kosa la jinai.

Joto ndilo adui mkubwa. Mwili wa elki unahifadhi joto muda mrefu, na sehemu inayotangulia kuoza ni ndani ya paja, karibu na mfupa wa nyonga. Chuna ngozi mara moja, hata kama giza linaingia. Tenganisha mapaja na mabega, toa sarara na nyama ya shingo, weka kila kipande kwenye mfuko wa kitambaa unaopitisha hewa, kisha uvitundike kivulini mahali penye upepo. Usitumie mifuko ya plastiki kwa nyama yenye joto, maana inaivundisha. Mifuko mizuri ya kitambaa, visu viwili vikali, mkoba wa mgongoni wenye fremu imara na makasha ya barafu yanayokusubiri kwenye gari: hapo usibane matumizi. Nguo za kijeshi zenye mabaka, viti vya kukunja na vifaa vya kupima umbali vya bei kubwa vinaweza kusubiri.

Kwenye vibali, soma kanuni za jimbo lenyewe, za mwaka huo huo, kwa sababu hubadilika. Vibali vingine hununuliwa moja kwa moja, vingine hutolewa kwa droo ambayo maombi yake hufungwa miezi mingi kabla ya msimu. Kama fedha ni chache na unachotaka ni nyama, angalia kibali cha jike. Mara nyingi hupatikana kwa urahisi zaidi, na nyama yake ni laini. Wyoming hairuhusu mtu wa jimbo jingine kuwinda wanyama wakubwa kwenye maeneo ya nyika yaliyohifadhiwa na serikali kuu bila mwongozaji au mkazi wa jimbo. Alaska inadai mwongozaji, au ndugu wa karibu aliye mkazi, kwa dubu wa kahawia, kondoo wa Dall na mbuzi wa milimani. Huko huko Alaska, mgeni asiye raia wa Marekani anahitaji mwongozaji kwa mnyama mkubwa yeyote. Mgeni anayekuja na bunduki kutoka nje ya nchi naye huhitaji kibali cha kuiingiza, na hakipatikani kwa siku moja.

Kuna pia ugonjwa wa ubongo unaodhoofisha jamii ya kulungu, uliotambuliwa kwanza Colorado mwaka 1967. Kwa sababu yake majimbo mengi yanakataza kuingiza ubongo na uti wa mgongo. Nyama isiyo na mifupa inakuepusha na usumbufu huo na kupunguza mzigo. Ila acha alama ya jinsia, yaani sehemu ya mwili inayoonyesha kama mnyama ni dume au jike, ikiwa imeshikamana na nyama kama kanuni inavyodai.

Fedha unazookoa kwenye vifaa, ziweke kwenye risasi za mazoezi. Bunduki ya kawaida uliyoizoea inatosha. Fanya mazoezi ukiwa umekaa, umepiga goti, umeegemea mkoba, na moyo ukidunda baada ya kukimbia. Umbali ambao huwezi kupiga kwa uhakika ukiwa hivyo, usiujaribu kwa mnyama hai. Ukifika, hakikisha tena shabaha ya bunduki kabla ya kuingia msituni.

La mwisho ni ratiba. Siku ya kwanza usiwinde. Tembea taratibu, kunywa maji, uzoee mwinuko. Na siku za mwisho ziache wazi kwa kubeba. Ukimwangusha elki jioni ya siku ambayo kesho yake unatakiwa kazini, nyama hiyo huna muda wa kuitoa, kwa hiyo jioni hiyo usipige.