Salsa ya mauzauza: sikiliza kengele, kinanda kiache

Mwaka jana nilipewa nusu saa ya kupiga muziki kwenye usiku wa salsa hapa Dar. Nikajiona mjanja. Nikaweka salsa ya mauzauza, yaani "psychedelic": bendi ya Meridian Brothers ya Bogotá, Kolombia, ile albamu ya 2022 waliyojifanya wameshirikiana na El Grupo Renacimiento, kundi la salsa la miaka ya sabini ambalo halijawahi kuwepo. Kinanda kinayumba kama kaseti iliyosahauliwa juani. Wachezaji wakahesabu moja, mbili, tatu, wakapotea, wakaanza upya. Dakika ya pili ukumbi ulikuwa mweupe. Dada mmoja akanifuata: "Kaka, spika imekufa?"

Kosa langu, si la wimbo. Nilipousikiliza tena nyumbani nikagundua vurugu yote iko juu. Chini mambo ni yaleyale: tumba zinajibizana, kengele haitetereki, besi inawahi kidogo kabla ya "moja" kama kwenye salsa yoyote. Kwa hiyo kabla hujainua mguu, kaa chini, piga makofi ya clave, pigo la msingi linaloongoza salsa: matatu, kisha mawili. Rudia mpaka kinanda kisikubabaishe. Sisi tuliokulia kwenye rumba hatuanzi sifuri. Santuri za Kikuba za mfululizo ulioitwa GV zilifika Kongo miaka ya 1930, na mapigo hayo tunayo masikioni tangu utotoni.

Wala usianze na Meridian Brothers. Anza Peru, na Los Mirlos au Juaneco y Su Combo wa Pucallpa, kule Amazon. Hiyo ni kumbia, muziki wa dansi wenye asili ya Kolombia, si salsa (wenye salsa zao watakusahihisha, wavumilie), hatua zake nyepesi, na gita la solo lenye mwangwi halitamshangaza mtu aliyezoea bendi zetu za dansi. Kisha albamu ya Ondatrópica ya 2012, ambamo wakongwe wa Kolombia wameketi studio moja na vijana. Ndipo umgeukie Eblis Álvarez wa Meridian Brothers, ambaye studioni hupiga karibu kila chombo mwenyewe, hivyo hakuna wa kumwambia punguza.

Kama wewe ndiye unayepiga muziki, weka wimbo mmoja tu wa mauzauza, baada ya nyimbo mbili wanazozijua, watu wakishatoka jasho. Saa ya darasa la wanaoanza, usithubutu. Ukiona wanacheka huku wanacheza, ongeza wa pili. Wakianza kutazama simu, rudi haraka kwa Héctor Lavoe, mwimbaji wa salsa ya kawaida wanayoijua.